Kwa nini bomba likwepe kilima cha changarawe

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Alaska, nafanya kazi na kikosi cha wapima ardhi kwenye njia ya bomba la gesi linalopangwa kutoka pwani ya kaskazini kuja kusini. Kiangazi hiki watu wa akiolojia wametufungia kilima kimoja kwa utepe, tukaambiwa tusipitishe gari wala tusipige kigingi. Nilipanda kuangalia, nikaona vipande vya mawe tu juu ya changarawe. Hakuna ukuta, hakuna kaburi, hakuna kigae. Ukitazama pande zote huoni kijiji. Kuna faida gani kuchelewesha bomba kwa ajili ya mawe? Na kama kweli kuna kitu chini, si kitaonekana mtaro ukichimbwa, kiokolewe wakati huo huo? Halafu mwenzangu mmoja aliokota jiwe lenye ncha, analo chumbani kambini. Afanye nini?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwenzako, maana ndilo lenye haraka. Hilo jiwe asilitupe, asilioshe, wala asijaribu kulirudisha kilimani mwenyewe. Alipeleke kwa mwanaakiolojia wa mradi na amweleze alipolitoa kadiri anavyokumbuka: upande gani wa kilima, hatua ngapi kutoka kigingi kipi, lilikuwa limelala juu ya changarawe au nusu yake ilikuwa imefukiwa. Kuokota vitu vya kale bila kibali kunakatazwa na sheria ya jimbo la Alaska kwenye ardhi ya jimbo, na serikali kuu nayo ina sheria zake kwenye ardhi yake. Kadiri anavyokaa nalo ndivyo anavyozidi kujiweka pabaya. Akilipeleka leo akasema ukweli, bado kuna kitu cha kuokoa.

Jiwe likishatoka mahali pake linabaki kuwa jiwe zuri la kutazama, lakini habari liliyokuwa nayo imeshapungua sana. Mtu anayechonga ncha ya mkuki hukaa chini, na vipande vinavyobanduka huanguka mbele ya magoti yake na pembeni. Vikae hapo miaka elfu kumi bila kuguswa, leo unaweza kuvipima kimoja kimoja, ukaviweka kwenye ramani, ukaona alikokaa, alikokuwa ameelekea, moto ulikuwa wapi, na kama walikuwa wawili au watatu. Unaweza kuokota vipande viwili vilivyoachana kwa mita kadhaa ukavikuta vinashikana barabara, na hapo unajua jiwe moja lilianza kuchongwa huku likamaliziwa kule.

Hivyo ulivyoviona, ukivitazama kwa karibu, havifanani na kokoto zilizopasuliwa na baridi. Kipande kilichopigwa na mkono wa mtu kina kinundu kidogo pale kilipopokea pigo, na kutoka kwenye kinundu hicho mawimbi hafifu husambaa kwenye uso wa jiwe. Kaskazini huko kuna na kingine unachoweza kukikanyaga bila kujua: kijiwe chembamba kama wembe, upana wake milimita chache tu, kingo zake mbili zikienda sambamba. Wawindaji walivipachika kwa mfuatano kwenye mfuo uliochongwa ubavuni mwa ncha ya pembe. Kimoja kikivunjika, wanakichomoa na kuweka kipya. Mkuki wenyewe haupotei. Kwa hiyo rundo la vijiwe hivyo vilivyovunjika juu ya kilima linasema kwamba watu walirudi kutoka mawindoni, wakakaa, wakakarabati silaha zao wakijiandaa kwenda tena. Na ukikuta kipande cheusi king'aacho, hicho huenda ni obsidiani, jiwe la volkano. Kila chimbuko la obsidiani lina mchanganyiko wake wa kemikali, na maabara huweza kusema jiwe lilitoka mlima gani. Chimbuko maarufu la Alaska ni Batza Tena, karibu na mto Koyukuk, na mawe yake yamekutwa mbali mno na hapo, ng'ambo ya milima ya Brooks. Jiwe moja dogo tayari linaeleza safari au biashara.

Sasa kilima. Umefungiwa kilima hicho hasa, wala si bonde lililo chini yake, na kuna sababu. Wewe umetembea tundra wakati wa kiangazi, unajua ilivyo: juu ni maji na matope, mguu unazama, chini ni ardhi iliyoganda ambayo haipitishi maji, na mbu hawana huruma. Mahali pakavu ni pachache. Ni migongo ya changarawe, vilima vilivyoachwa na mito ya barafu ya zamani, na kingo za juu za mito. Mwindaji anapapenda kwa sababu pana upepo unaofukuza mbu, pakavu pa kulala, na kutoka juu anaona karibuu, yaani kulungu wa kaskazini, wakiwa bado mbali. Mhandisi naye anapapenda hapo hapo: hapana barafu nyingi ya kuyeyuka chini ya mitambo, na changarawe yenyewe ndiyo anayoitafuta kwa ajili ya barabara, kambi na uwanja wa ndege. Wawili hao wametenganishwa na miaka elfu kumi lakini wanachagua kilima kimoja, na hilo ndilo tatizo lote la akiolojia kwenye njia za mabomba ya kaskazini. Watu wengi hudhani hatari ni bomba. Bomba ni mstari mwembamba, na mstari huweza kupindishwa. Hatari kubwa ni machimbo ya kifusi, yaani mahali panapochotwa changarawe ya ujenzi.

Tazama bomba la mafuta la Trans-Alaska, lile linalotoka Prudhoe Bay hadi bandari ya Valdez. Lina urefu wa kilomita 1,287. Mradi wote ulimeza takriban mita za ujazo milioni 56 za changarawe. Barabara ya kaskazini, kutoka mto Yukon hadi Prudhoe Bay, ilijengwa kwa siku 154 mwaka 1974. Changarawe hiyo yote ilichotwa kutoka kwenye vilima na kingo za mito, yaani kule kule watu wa kale walikokaa.

Kilichookoa vingi ni kuchelewa. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1968 na wenye mradi walitaka kuanza mara moja, lakini mwaka 1970 mahakama ilizuia kazi, na kibali hakikupatikana hadi Bunge la Marekani lilipopitisha sheria maalumu Novemba 1973. Katika kipindi hicho wanaakiolojia, wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Alaska, walipata viangazi vya kutembea kwenye njia kwa miguu na kuchimba kabla matingatinga hayajafika. Mwaka 1970 walikuta eneo linaloitwa Gallagher Flint Station, karibu na mto Sagavanirktok, juu ya kilima cha changarawe kilichoachwa na barafu. Kwa macho ya mpita njia palikuwa kama hapo kwenu: mawe tu. Mkaa wa hapo ulitoa umri wa karibu miaka 10,500 kwa kipimo cha kaboni, na kwa muda mrefu pakatajwa miongoni mwa maskani ya kale kabisa ya kaskazini mwa Alaska. Mwaka 1978 pakatangazwa kuwa eneo la kihistoria la taifa. Baadaye watafiti wengine walirudia kuchunguza wakatilia shaka kama mkaa ule na mawe yale ni vya wakati mmoja. Ubishi huo naupenda, kwa sababu umewezekana tu kwa kuwa kila kitu kilipimwa na kuandikwa kilipokuwa. Kama kilima kingechotwa kwanza, tusingekuwa na cha kubishania.

Unauliza kwa nini tusisubiri mtaro. Nitakujibu kwa mfano wa reli, maana reli na bomba kwa akiolojia ni ndugu: vyote ni mstari mrefu unaokata nchi. Mwaka 2006, upimaji wa kutafuta njia ya kurefusha reli ya Alaska katika bonde la Tanana uligundua eneo linalojulikana kama Upward Sun River. Wenyeji wanaliita Xaasaa Na'. Pale juu hapakuwa na kitu cha kuona. Maskani yalikuwa chini ya tabaka nene za mchanga na vumbi lililoletwa na upepo. Yalipatikana kwa sababu watu walichimba mashimo ya majaribio kwa mkono, wakachekecha udongo, wakakuta mkaa, wakarudi tena na tena kwa subira. Mwaka 2010 walikuta ndani ya meko ya nyumba mifupa ya mtoto wa karibu miaka mitatu, aliyechomwa baada ya kufa, kisha meko ikafukiwa. Mwaka 2013, chini ya meko hiyo hiyo, wakakuta watoto wachanga wawili waliozikwa pamoja, wakiwa wamewekewa ncha za mawe na fimbo za pembe zilizochorwa, na udongo mwekundu ukiwafunika. Umri wao ni takriban miaka 11,500. DNA ya mmoja wao, iliyochapishwa mwaka 2018, ilionyesha tawi la watu wa mwanzo wa Amerika ambalo sayansi ilikuwa hailijui.

Sasa jiulize mtaro ungeonyesha nini hapo. Mwendesha ekskaveta yuko ndani ya kibini, ndoo inachota udongo mwingi kwa mkupuo. Mifupa ya mtoto mchanga ni laini kiasi kwamba wachimbaji waliokuwa wakitumia mwiko na brashi walilazimika kwenda polepole mno. Ndoo ikipita hapo, anachokiona dereva, kama anaona chochote, ni doa jeusi kwenye udongo, na ndoo ya pili inakuja. Taratibu za kusimamisha kazi kitu kikionekana ni lazima ziwepo, na nyie mzifuate bila kubishana. Lakini hiyo ni ngome ya mwisho. Anayeifanya kuwa mpango wake wa kwanza ameshakubali kupoteza.

Na kuna jambo la majira ambalo wageni wa kaskazini hawalifikirii. Ujenzi mwingi huko hufanyika wakati wa baridi, kwa barabara za barafu, ili magari yasichane tundra. Hilo ni jema. Zulia lile la mimea mifupi ndilo linaloikinga ardhi iliyoganda na joto la jua. Ukilichana, barafu ya chini inayeyuka, ardhi inatitia, na kilichohifadhiwa humo kinaoza. Nyayo za matrekta yaliyotafuta mafuta kaskazini mwa Alaska katika miaka ya 1940 bado zinaonekana kutoka angani. Barabara ya barafu iliyomwagiwa maji na kugandishwa juu ya theluji inaweza kupita karibu na eneo la kale isiache alama. Ila wakati wa baridi mwanaakiolojia ni kipofu. Theluji imefunika kila kitu na udongo ni mgumu kuliko saruji. Kwa hiyo kazi yake yote lazima iwe imekwisha kiangazi kilichotangulia, na kiangazi cha huko ni kifupi. Ukiona wanakimbizana na kuwafungia vilima mwezi Julai, ujue ni kwa sababu Januari hawatakuwa na la kufanya.

Ubaridi huo huo ndio unaofanya ardhi ya kaskazini kuwa na thamani ya pekee. Kwetu mchwa, joto na unyevu hutuachia mawe na vigae. Huko, panapoganda mwaka mzima, hubaki mbao, ngozi, manyoya, kamba za mishipa, hata nyama. Na kwa kuwa udongo hujijenga polepole sana sehemu nyingi za tundra, vitu vya miaka elfu nyingi hukaa sentimita chache tu chini ya nyasi. Katapila likipita mara moja, au hata gari lenu likigeuka vibaya, limekwishavichanganya.

Wewe umetoka Afrika Mashariki, kwa hiyo huenda unalinganisha na bomba la Hoima hadi Tanga. Hilo ni kilomita 1,443, linafukiwa ardhini na kupashwa moto kwa kuwa mafuta ya Uganda yana nta na huganda yakipoa. Alaska, mafuta ya moto ndani ya ardhi iliyoganda yangeyeyusha ardhi, ndiyo maana zaidi ya nusu ya Trans-Alaska imebebwa juu ya nguzo, takriban nguzo 78,000. Bomba lenu la gesi ni habari nyingine. Njia yake ya karibu kilomita 1,300, iliyoidhinishwa na tume ya nishati ya serikali kuu Mei 2020, imepangwa kufukiwa sehemu kubwa, gesi ikiwa imepozwa ili isiyeyushe ardhi. Maana yake ni mtaro mrefu kuliko ule wa bomba la mafuta. Kwa akiolojia, kazi ni kubwa zaidi safari hii.

Umesema hakuna watu. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kanada walikuwa na mjadala huo huo miaka ya 1970, walipotaka kupitisha bomba la gesi kwenye bonde la mto Mackenzie. Serikali ikamteua Jaji Thomas Berger kuchunguza. Badala ya kukaa Ottawa asubiri ripoti, alikwenda kwenye jamii 35 za kaskazini, akasikiliza karibu watu elfu moja: wenyeji wa asili, yaani Wadene, Wainuvialuit, Wagwich'in na Wametisi, pamoja na wazungu wanaoishi huko. Wazee walieleza njia za mitego, makambi ya samaki, makaburi, na majina ya kila mlima na kijito. Nchi ambayo ramani za kampuni ziliionyesha tupu ilikuwa imejaa. Mwaka 1977 Berger alipendekeza bomba la Mackenzie lisubiri miaka kumi ili madai ya ardhi ya wenyeji yashughulikiwe kwanza, na kwenye pwani ya kaskazini ya eneo la Yukon, huko huko Kanada, lisipite kabisa. Sehemu ya pwani hiyo leo ni hifadhi ya taifa ya Ivvavik, iliyotokana na mkataba wa Wainuvialuit wa mwaka 1984. Ndani yake kuna Engigstciak, kando ya mto Firth, ambako watu walirudi kwa vizazi na vizazi kuwinda.

Kwa hiyo mahali pasipo kijiji leo panaweza kuwa na wenyewe. Kule Upward Sun River wenyeji wa Healy Lake walishirikishwa tangu mifupa ilipoonekana, na utafiti uliendelea kwa ridhaa yao. Wale watoto kwao ni jamaa. Nikisikia mtu anasema eneo la kale ni mawe tu, swali langu la kwanza ni kama amewauliza wazee wa pale. Mara nyingi mzee atakuonyesha mahali ambapo helikopta imepita mara tano bila kuona.

Sheria yenyewe usidhani ina nguvu kuliko ilivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1966 ya kuhifadhi mahali pa kihistoria, kifungu cha 106, inalazimisha taasisi ya serikali kuu kuangalia athari na kushauriana na wenyeji kabla ya kutoa kibali. Hailazimishi eneo liachwe. Baada ya mashauriano, eneo linaweza kuchimbwa kitaalamu kisha likaharibiwa kihalali. Ndiyo maana mimi husema kukwepa ni bora kuliko kuchimba. Uchimbaji bora kabisa nao huliteketeza eneo, na hufanyika mara moja tu, kwa vifaa na maarifa ya siku hiyo. Waliochimba mwaka 1970 hawakuweza hata kuota habari ya DNA. Kuhamisha mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia bomba, mita mia mbili mradi ukiwa bado kwenye karatasi ni kazi ya mchana mmoja mbele ya kompyuta. Kuuhamisha mabomba yakiwa yamepangwa kando ya mtaro hakuna atakayekubali.

Na hapa ndipo kazi yako inapoingia. Njia za mabomba hubadilika. Mhandisi anakuta mteremko una barafu nyingi, au kivuko cha mto hakifai, anasogeza mstari, nanyi mnaenda kupiga vigingi vipya. Wanaakiolojia walitembea kwenye mstari wa zamani. Mstari mpya unaweza kuwa nje ya eneo walilokagua, na ripoti ofisini bado inasema njia imekaguliwa. Wa kwanza kujua hilo uwanjani ni mpima ardhi. Kila mnapohama, uliza kama mkuza mpya upo ndani ya mipaka ya ukaguzi, na jibu lake liandikwe. Fanya hivyo hivyo kwa machimbo ya kifusi, barabara za kuingilia na viwanja vya kambi, hasa vinavyoongezwa katikati ya msimu kwa haraka.

Ukikuta kitu mwenyewe, kiache kilipo. Piga picha ukiweka kalamu au rula pembeni ionyeshe ukubwa, chukua majira ya nukta ya mahali hapo, yaani namba za GPS, mpe mwanaakiolojia au mwangalizi wa wenyeji aliye kambini. Picha hiyo usiirushe kwenye makundi ya simu wala mitandaoni; mahali pa maeneo hayo panafichwa kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wanaosafiri kwenda kuiba. Usipange mawe yaliyo kwenye duara yakae vizuri, wala usiyatoe ili kupata pa kuweka mguu wa darubini ya upimaji, kwani duara kama hilo mara nyingi ni mawe yaliyoshikilia kingo za hema la ngozi. Na mkiambiwa mpindishe mstari kupisha kilima, hakikisheni machimbo ya kifusi nayo yameondolewa hapo kwenye ramani. Nimeona mipango ambayo bomba lilikwepa kilima kwa uangalifu mkubwa, kisha ukurasa wa pili kilima hicho hicho kimeandikwa kuwa chanzo cha changarawe.